Nilivua Shanga, Mume Wangu Akafa

Naambiwa wako waliokasirika kwamba wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa jikoni, baba mkwe wangu akilia nje na mimi nimeshika chapati inayoungua. Hata mimi nilikasirika. Tofauti ni kwamba nyinyi mligeuza ukurasa mkasoma habari za mpira. Mimi ilibidi nitoke nje.

Kwa aliyejiunga leo: jina langu ni Namuria, mtu wa Nakalale. Ukame ulitumalizia ng'ombe, ugonjwa ukamaliza mbuzi, na punda wa mwisho akaliwa na fisi, kana kwamba tulikuwa bado hatujaelewa. Mume wangu Lomunokol alitazama zizi tupu, akachukua fimbo na kigoda chake, akasema anakwenda Lokichoggio kutafuta kazi kwenye malori ya msaada yanayovuka mpaka wa Sudan pale Nadapal. Hakurudi, wala hakutuma neno. Nikamshika mkono binti yangu Akeno, nikashuka Lodwar, nikapata kazi ya kupika chapati kwa Mama Nekesa, mama wa kutoka Kitale mwenye hoteli karibu na soko.

Mama Nekesa alikuwa na sharti moja tu. Shanga zitoke.

Mwanamke wa kwetu aliyeolewa huvaa shanga kutoka mabegani hadi kidevuni, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu, na hazivui hata kulala. Mimi nilikuwa nazo hivyo hivyo. Nikiinama kwenye karai sioni mikono yangu, na mafuta yanadondoka kwenye ngano. Mama Nekesa akasema wateja wake ni watu wa ofisi, hawawezi kula chapati nyekundu. Nikazivua, nikazifunga kwenye mfuko wa unga, nikaziweka chini ya kitanda.

Ndiyo, nilijua. Kwetu shanga za mke huvuliwa siku mume anapokufa. Lakini Akeno alikuwa na njaa, na pale Lodwar kila mwanamke alikuwa na gauni na kitambaa kichwani. Niliona hakuna anayekagua shingo za watu.

Kumbe yuko. Mama mmoja wa Nakalale alikuja sokoni kuuza vikapu, akaniona, akaanza kutokwa na machozi bila kusema neno. Nikadhani ni njaa. Nikampa chapati mbili, akazipokea, akaondoka akilia. Basi, akapeleka habari.

Sasa turudi mlangoni.

Baba mkwe wangu, mzee Ekwam, macho yake yalizibwa na ugonjwa zamani. Anaona mwanga na kivuli, zaidi ya hapo hakuna. Alikuwa ameshikwa mkono na Reuben, mwanawe wa pili, shemeji yangu, yule aliyebatizwa akaanza kufunga vifungo vya shati mpaka kooni hata jua liwe kali namna gani. Wote wawili walikuwa wamenyoa vichwa. Kwetu hiyo ni habari kamili.

Nikauliza nani amekufa. Nilikuwa sijui kweli.

Reuben akanitazama shingoni. "Wewe ndiye uliyetuambia," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Mimi niliyeamka, nikachota maji, nikawasha jiko, nikakanda ngano, sikufungua mdomo kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Shingo yangu ndiyo iliyokwenda mpaka Nakalale kusema.

Nikamsogelea mzee kumsalimu. Akainamisha sikio upande wangu, akangoja, halafu akatikisa kichwa. Alisema zamani mke wa mwanawe akija, yeye husikia shanga kabla ya kusikia miguu. Leo amesikia miguu peke yake.

Nikaanza kueleza. Nikaeleza habari ya karai, nikaeleza mafuta, nikaeleza watu wa ofisi. Mzee alisikiliza kwa adabu kabisa. Mwisho akauliza, "Chapati ina uhusiano gani na mwanangu?"

Jibu hilo swali kama unaweza. 

Reuben akanisaidia, kama huko ni kusaidia. Akasema mambo ni mawili. Kama shanga nilivuliwa kwa sababu habari za kifo zilinifikia, basi mimi ni mjane, na mjane wa boma lile anarudi bomani. Kama nilizivua mwenyewe na mume yu hai, basi nimemtakia kifo, na pengine kimeshamkuta huko alipo. Nichague mimi ni yupi.

Nikasema mimi si mjane wala si mchawi, mimi ni mpishi. Hakuna aliyecheka.

Nikaona dawa ni Mama Nekesa. Yeye ndiye aliyetoa amri, yeye aje aseme. Nikamwita jikoni, akaja akijifuta mikono. Mzee akamsemesha Kiturkana, na mimi nikatafsiri kwa Kiswahili changu cha kuokota pale pale jikoni: mzee anauliza, ulijuaje kwamba mwanawe amekufa hata ukamvua mkewe shanga?

Mama Nekesa akashika mdomo. "Kumbe mume alikufa? Mungu wangu, Namuria, na unapika tu. Poleni sana, mzee. Poleni sana."

Nikamwambia hapana, sivyo. Alikuwa ameshaingia ndani kuleta chai ya msiba. Mzee anajua Kiswahili kidogo sana, lakini neno pole analijua. Akavua blanketi kichwani, akakaa chini, akalia upya, kwa maana sasa hata mgeni wa kutoka Kitale amethibitisha.

Wateja wakaacha kula. Mwalimu mmoja akaja kunishika mkono na kunipa rambirambi. Nilitaka kuchukua lile karai nimvunjie mtu, sijui nani.

Reuben akanivuta pembeni akanieleza mpango. Tunarudi Nakalale. Mama mkwe atanivika shanga upya, kwa jina lake yeye Reuben, na nitakuwa wa nyumba yake. Akeno ataacha shule, kwa sababu bomani hakuna shule. Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anataka. Akafungua kifungo cha kooni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa na mchumba kanisani, msichana wa Lokori, na kasisi alikuwa amewakubali. "Unadhani nimekuja hapa kwa furaha?" akasema. "Ni mke wa ndugu yangu. Nikikuacha nitaitwa nani?"

Basi tukasimama pale watu wawili tusiotakana, tunaozwa na mfuko wa unga.

Aliyenifungulia mlango ni mtu ambaye hata hakuwa akinisikiliza, utingo mmoja wa lori la Lokichoggio aliyekuwa anamaliza mchuzi wake. Alimwuliza Mama Nekesa huyo marehemu alikuwa mtu gani. Mama Nekesa akanigeukia. Nikasema ni mtu mrefu, kimya, na akishika kazi yoyote hupiga mluzi bila kujijua. Mluzi mmoja tu, alioutunga kwa ajili ya dume lake jekundu la ng'ombe enzi za ujana. Alipiga mluzi huo akichimba kisima. Alipiga akinijengea nyumba. Aliupiga siku ya harusi yetu akichuna ng'ombe, mpaka wajomba zangu wakauliza kama huyu bwana arusi ni mzima.

Nikaupiga kidogo, jinsi ninavyoweza. Utingo akaacha kutafuna.

"Huyo yuko Kakuma," akasema. "Jina lake silijui. Lakini huo mluzi nimeusikia mwezi huu, upande wa kambi."

Mzee Ekwam akainua kichwa. Alikuwa amesikia mluzi, maneno hakuyaelewa. Nikamfasiria. Reuben akasema mluzi unaweza kuigwa na mtu yeyote. Mzee akamwambia anyamaze, njia ya kurudi nyumbani inapita Kakuma, tutapita. Kisha akasema neno ambalo nilisafiri nalo kama chakula: kama Lomunokol yu hai, habari ya shanga ni ya Lomunokol. Aseme kwa mdomo wake kwamba hana kinyongo na mkewe, na yamekwisha. Nitarudi Lodwar kwenye karai langu na mtu asiniulize.

Basi nilihitaji kitu kimoja tu duniani. Nilihitaji mume wangu afungue mdomo.

Akeno nilimwacha kwa Mama Nekesa, aliyesema mtoto ana mtihani na hakuna shemeji wa kumtoa kwake kabla ya mtihani. Mtoto alinisindikiza mpaka kwenye lori. Hakulia. Akaniuliza, "Mama, baba amekufa au hajafa? Niambie, nijue kama nilie."

Nikamwambia asubiri. Hebu fikiria, mtoto anaambiwa asubiri kulia. Njia nzima nilikuwa nikijichukia kwa neno hilo, na mfuko wa shanga nimeupakata mapajani.

Kakuma tuliikuta imejaa vumbi na watu. Ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, kambi ilikuwa imeota tangu vita vya Sudan viwalete wakimbizi, nyumba za udongo zenye maturubai juu, na ilikuwa siku ya mgao wa chakula. Reuben akaenda kuulizia lori la kwenda mbele. Akasema akirudi tunaondoka, mluzi au bila mluzi.

Nikamketisha mzee kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja Mdinka aitwaye Amou, mwanamke mwenye mkono mzito wa sukari. Nilimwuliza habari za mtu wa mluzi.

"Ile Turkana ya mluzi?" akasema Amou. "Yeye nakuja sasa hivi. Kila siku ya mgao yeye nabebea watu gunia, napita hapa nyuma, napumzika."

Nabebea watu gunia. Nikadhani sikusikia vizuri, Kiswahili cha kambi kina mambo yake. Nikarudia kumwuliza. Akanionyesha kwa mikono, akainamisha mgongo.

Nyinyi wa huko chini labda hamjaelewa. Kwetu mwanamume hubeba fimbo yake, mkuki wake na kigoda chake. Mzigo ni wa mwanamke na punda. Baba anaweza kufa kwa kiu kando ya mtungi mzito lakini hataubeba begani. Ni ujinga, nakubali, mgongo wangu unajua kuliko wenu. Lakini ndivyo tulivyolelewa, na Lomunokol alilelewa kuliko wengine.

Kisha nikausikia. Mluzi wa dume jekundu, unakuja nyuma ya kibanda.

Nilimwangalia mzee. Amou alikuwa anamwaga sukari na kugonga kijiko, na watu walikuwa wakipiga kelele za bei. Hakuwa amesikia. Nikazunguka nyuma mbio.

Alikuwa anashusha gunia la mahindi kutoka mabegani. Amekonda, amevaa fulana yenye maandishi ya kizungu na kaptula ya mtu mnene. Akaniona. Kitu cha kwanza alichotazama ni shingo yangu.

"Vizuri," akasema. "Umeshavua."

Nilikuwa nimepanga kumkumbatia. Nilikuwa nimepanga kumpiga. Vyote viwili vikanitoka kwa hilo neno.

Nikatafuta mwanamke. Nasema ukweli, nilichungulia nyuma yake, nikachungulia kwenye uwazi wa ukuta alikotokea, nikitafuta leso au sufuria au mtoto mchanga. Mwanamke ningejua la kumfanya. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na gunia tu.

Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba baba yake yuko upande wa pili wa huo ukuta wa makuti, anakunywa chai. Akarudi nyuma, akajiinamisha, akalivuta gunia mbele yake kujificha. Kujificha, kwa kipofu.

"Haoni," nikamwambia. "Sikia, haoni. Hataona gunia wala fulana. Ataisikia sauti yako tu. Nenda useme, Apa, baba yangu, mimi hapa. Sema huna kinyongo na mkeo. Kisha rudi kwenye magunia yako, mimi sitasema."

"Atanipapasa mabega," akasema.

Nikayatazama. Fulana ilikuwa imechanika pale, na ngozi imekuwa ngumu na nyeusi kama kwato. Mzee wa kwetu akimkosa mwanawe siku nyingi humshika mabega yote mawili kabla ya kumtemea baraka. Kwa hilo alikuwa sawa.

Hamjui taabu ya kugombana na mume kwa kunong'ona. Sauti inakwama kooni, mate yanaruka, na hata kidole cha kumnyooshea unakishusha kwa kuogopa kitapiga kelele. Nilimwuliza kwa nini hakutuma neno. Akasema malori ya Nadapal hayakumtaka, yalitaka watu wanaojua kusoma. Akarudi mpaka Kakuma, akashinda na njaa, akaona wenyeji wakibebea wakimbizi chakula chao cha mgao na kupewa kopo la mahindi. Akasema atabeba siku moja tu. Sasa imekuwa kazi.

Wasichana wa Nakalale waliokuja kuuza kuni walimpita na gunia usoni, wakacheka, wakamwita punda. Hawakumtambua. Alishukuru. Siku nyingine akawasikia wakiambiana Lomunokol amekufa, mkewe amevua shanga.

"Siku hiyo nililala, Namuria," akasema. "Usingizi wa kwanza tangu mbuzi wa mwisho. Nikajua hakuna mtu tena anayemngoja Lomunokol alete kitu."

"Na mimi nilale wapi?" nikamwuliza.

"Reuben ni mtu mzuri."

"Sikukuuliza kama Reuben ni mtu mzuri."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu. "Niache nimekufa," akasema. "Nakuomba. Ni kitu kimoja tu nimebaki nacho."

Hapo ndipo niliposhindwa kunong'ona vizuri. Kwa sababu wale mbuzi walikuwa wangu pia. Nani aliwakamua? Niliwajua mmoja mmoja kwa sauti zao gizani. Walipokwisha, nani aliniambia, Namuria, wewe sasa unaweza kufa ukapumzike? Nilivaa gauni la kuazima. Nilikanda ngano, kitu ambacho mama yangu hajawahi kukigusa. Nilijifunza kusema karibu mteja, na Akeno akala. Mimi sikupewa ruhusa ya kufa. Huyu kapewa kifo, kakipenda, na kifo chenyewe ni mimi niliyemtengenezea kwa bahati mbaya nikipika chapati.

Nikamwambia haya yote, kwa ufupi zaidi na kwa maneno mabaya zaidi. Nikamwambia kuhusu Akeno anayengoja ruhusa ya kulia. Akafumba macho. Nikaona limeingia. Lakini kuingia ni jambo moja, miguu ilikuwa bado imesimama pale pale.

Amou akachungulia kwenye pembe na birika mkononi. Sijui alielewa nini, Kiturkana chake ni cha kununulia kuni. Alitutazama mmoja mmoja. "Hapa watu mingi nakufa kwao," akasema. "Mimi pia nakufa kule kwetu Bor. Asubuhi nakunywa chai." Akamimina glasi moja, akaiweka juu ya gunia, akaenda zake.

Lomunokol hakuigusa ile chai. Akasema mtoto nimwambie alie. Akasema ni bora alie mara moja.

Nikafungua mfuko wa unga.

Shanga zilikuwa zimekauka bila mafuta. Nikavaa mshipi wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikiwa namtazama machoni. Unga ulinimwagikia kifuani. Kila moja niliyoweka iligonga mwenzake, na sikujali tena nani anasikia. Alininong'oneza niache. Akasema Namuria, tafadhali. Nikaendelea mpaka kidevu kikainuka chenyewe, jinsi kinavyotakiwa, na shingo yangu ikawa na uzito wake tena. Nilikuwa nimesahau jinsi zilivyo nzito. Nilitaka kulia kwa jinsi zilivyonikaa sawa.

Upande wa pili kijiko cha Amou kilikuwa kimenyamaza.

"Namuria," mzee akaita.

Nikazunguka, nikasimama mbele yake. Nilitembea, na shanga zikatembea nami. Alikuwa ameweka glasi chini na ameinamisha sikio upande wangu, kama siku zote za zamani nilipokuwa namletea maziwa. Uso wake ulikuwa umefunguka, na mimi nikaogopa, kwa sababu sikuwa na cha kuweka mbele ya uso ule.

"Hizo ni shanga ninazosikia?"

"Ndiyo, Apa."

"Umevaa kwa ajili ya nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilivaa kwa hasira, ili mtu mmoja aone. Lakini kwetu mjane hurudishiwa shanga siku anapompokea mume mpya. Ama natangaza kwamba Lomunokol yu hai, ama natangaza kwamba nimemkubali Reuben. Mlio ni ule ule. Na kama ni Lomunokol, mzee ataniambia mlete, na mimi ningemleta kutoka wapi, na kwa kamba gani?

Reuben alikuwa amesharudi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, anazitazama shanga zangu zenye unga. Nilimwona akivuta pumzi, nikaona yule msichana wa Lokori akimtoka machoni. Akakifunga kile kifungo cha kooni.

"Ni kwa ajili yangu, Apa," akasema. "Amekubali. Lori liko tayari."

Mzee alikuwa bado amenielekezea sikio, akingoja sauti yangu.

Nyuma ya ukuta gunia likaburutwa, kisha nikasikia mtu akiguna, jinsi mtu anavyoguna anapoinua mzigo mkubwa peke yake. Nikajua anaondoka. Anakwenda na kifo chake, ananiachia shemeji. Hatua zikapita kando ya kibanda, nzito, za mtu aliyeinama. Reuben aligeuka akatazama, akaona mgongo na mahindi na miguu miwili yenye vumbi, na gunia limefunika kichwa. Mbeba mizigo tu. Akageuka tena.

Na mimi ningenyamaza. Nakiri, nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema haya, twendeni.

Lakini mtu akishika kazi hajijui. Pale kwenye mteremko wa kuingia lagani, mzigo ulipomkaa sawa, mluzi ukamtoka. Mluzi wa dume jekundu, mzima, kuanzia mwanzo wake.

Mzee Ekwam akainua mkono wote tunyamaze. Chai ilikuwa imemmwagikia gotini, hakujali. Alisikiliza mluzi, kisha nikamwona anasikiliza kitu kilicho chini ya mluzi, zile hatua, jinsi zilivyokuwa zinakanyaga mchanga kwa uzito usio wa mtu mmoja. 

"Apa," nikaanza, "huyo ni—"

"Sikukuuliza ni nani," akasema. "Nieleze amebeba nini."